Sura ya Sita: Jicho la Mstarini

Kila ninapokwenda, iwe Iguguno, Manyoni au Itigi, naulizwa swali hilihili: mwamuzi wa mbio anasomea nini, wakati kila mwenye macho anamwona aliyetangulia? Wanaouliza ni walimu, watendaji wa kata na wazazi wa watoto wenye vipaji. Na kwa kuwa wanaamini hivyo, siku ya mashindano anatafutwa mtu yeyote mwenye heshima zake, anapewa filimbi na kofia, anasimamishwa mstarini. Sura hii nimeiandika kwa ajili yao. Nitaeleza nani anamteua mwamuzi, anapimwa vipi, na mkimbiaji aliyeonewa aende kwa nani.

Kuhusu uteuzi sitakaa sana. Riadha nchini inaongozwa na Riadha Tanzania, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Shirikisho la dunia, World Athletics, lina madaraja ya waamuzi: shaba, fedha na dhahabu. Mtu anapanda kwa kozi na mtihani, hapandi kwa umri wala kwa cheo chake serikalini. Wenzetu wa mbio za farasi wamelielewa jambo hili siku nyingi. Marekani kuna mbio ambazo farasi anakokota kigari cha magurudumu mawili, na sharti lake ni kwamba aende telki mwanzo mpaka mwisho. Akivunja mwendo akaenda shoti, dereva lazima amrudishe kwenye telki hata kama anaachwa nyuma. Kuona kosa hilo katikati ya vumbi na magurudumu si kazi ya mpita njia, ndiyo maana chama chao, kilichoanzishwa 1939, kinawapa waamuzi leseni baada ya kuwapima. Na mwamuzi hatakiwi kuwa na farasi wake katika mbio anazozisimamia, wala kuzichezea kamari. Sisi mwalimu anasimama mstarini kuwaamua wanafunzi wake mwenyewe, kisha tunashangaa shule jirani ikinuna.

Sasa kwenye saa, maana hapa ndipo watoto wetu wanapodhulumiwa bila mtu kukusudia. Mwaka mmoja nilisimama na walimu watatu kwenye mbio za mita 100 za shule, uwanja wa vumbi, mstari umechorwa kwa majivu. Bastola ikalia. Wawili wakabonyeza saa waliposikia mlio. Mmoja, mwalimu kijana aliyekuwa amekodoa macho bila kupepesa, akabonyeza alipoona moshi. Mkimbiaji wa kwanza alipofika, wale wawili walikuwa na 11.0 na 11.1, yule wa moshi 11.4. Wakamcheka wakasema amechelewa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kwa mpiga bastola hadi mwisho wa mita 100 inatumia karibu sekunde 0.3. Anayesubiri mlio anamzawadia mkimbiaji muda ambao hakuukimbia. Mkimbiaji wa namna hiyo atapelekwa ngazi ya mkoa na muda wa uongo, ataachwa mbali, na kijijini watasema amerogwa.

Kanuni iko wazi. Mshindi anapimwa na watu watatu, kila mmoja na saa yake, na hawaoneshani kabla ya kuandika. Wawili wakilingana, muda wao ndio unaochukuliwa. Wote wakitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Zikibaki saa mbili tu na zikatofautiana, unachukuliwa ule mrefu. Na watu hao hawasimami popote wanapopata kivuli. Wanakaa usawa wa mstari, mita 5 au zaidi kutoka pembeni mwa njia, ikiwezekana juu ya jukwaa lenye ngazi, ili mkimbiaji wa karibu asimfiche wa mbali.

Badala ya kueleza peke yake kazi ya mwamuzi wa kuanzisha mbio, nitatumia mfano wa Tokyo, unaoionesha pamoja na kazi ya mstari wa kumalizia.

Tarehe 15 Septemba 2025, asubuhi, Alphonce Felix Simbu, mzaliwa wa mkoa huu wa Singida, alikimbia marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo. Mbio zenyewe zilianza mara mbili, kwa sababu mkimbiaji mmoja alichomoka kabla ya mlio na wote wakaitwa warudi. Hiyo peke yake ni somo: hata kwenye kilomita 42.195, mwanzishaji hakusema "ni mbali, tuache tu". Baada ya zaidi ya saa mbili, Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliingia uwanjani pamoja. Petros akatangulia kwenye mita za mwisho, Simbu akamfukuzia, wakaufikia mstari kama mtu mmoja. Ubao ukaonesha wote 2:09:48. Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoliona jina lake juu kwenye skrini. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Kwa mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde, hiyo ni sentimita 18, pungufu ya shubiri. Kwa shubiri hiyo Tanzania ilipata medali yake ya kwanza ya dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya riadha.

Baada ya siku hiyo nimesikia mambo mawili, na yote mawili hayafai. La kwanza ni kwamba "kamera ndiyo iliyoamua". Kamera haiamui. Inapiga mstari tu, kipande chembamba baada ya kipande, zaidi ya mara elfu kwa sekunde, kisha vipande vinaunganishwa kuwa picha moja. Anayeisoma ni binadamu aliyefundishwa. Anaweka alama pale kiwiliwili cha mkimbiaji kinapogusa ukingo wa mstari. Kichwa hakihesabiwi, wala shingo, mkono au mguu. Mwaka 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Kishane Thompson wa Jamaika alitanguliza mguu kwenye mita 100, lakini kifua cha Noah Lyles kilifika kwanza, kwa sekunde 0.005. Asiyejua kanuni hii angempa dhahabu mtu mwingine huku ameshika picha mkononi.

La pili ni la ndumba: kwamba mtu wetu alikwenda na dawa, au kwamba mstari wa kumalizia hufukiwa kitu usiku. Nalisema kwa ukali kwa sababu naona madhara yake. Simbu alishika nafasi ya 5 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba kwenye Mashindano ya Dunia ya London 2017, akawa wa pili kwenye marathoni ya Boston Aprili 2025. Hiyo ni miaka ya kuamka alfajiri. Anayempa mganga sifa hiyo anamvua Simbu jasho lake. Na mwamuzi anayeogopa kukanyaga mstari kwa sababu ya hirizi hawezi kuukagua, basi asipewe kazi hiyo.

Kuhusu malalamiko, watu hudhani dawa yake ni kuvamia meza. Kanuni inampa mkimbiaji, au anayemwakilisha, dakika 30 tangu matokeo yatangazwe. Anaanza kwa mdomo kwa refa mkuu. Asiporidhika, anakata rufaa kwa maandishi. Kama mashindano yenu hayana refa mkuu aliye tofauti na waamuzi wa mstarini, hakuna wa kusikiliza, na fujo mmezikaribisha wenyewe.

Maafisa michezo wa wilaya, nawaomba jambo dogo. Kabla ya mashindano yajayo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, chagueni walimu watatu ambao shule zao hazishiriki mbio watakazopima. Wapeni saa tatu, wasimamisheni usawa wa mstari, na wafundisheni wiki nzima kuutazama moshi.