Somo la Hesabu: Kupima Ukuta wa Nusu Duara

Twaeni kalamu na daftari, maana hesabu ya leo ni ya fedha zenu.

Tuseme wazazi wa Lundo, pwani ya Ziwa Nyasa, wanajenga baraza ya shule yenye ukuta wa nusu duara. Toka ncha hata ncha, kwa mstari ulionyoka, ni mita 7. Kimo ni mita 2. Mwenye haraka husema: 7 mara 2 ni 14, basi tutafute matofali ya mita za mraba 14. Huyo atakwama kazini.

Kwa nini? Chukua mkeka, upinde, usimamishe. Ncha zimekaribiana, lakini je, mkeka umepungua? La! Utandaze tena, ni ule ule. Ukuta nao hupimwa kwa kufuata mpindo wake.

Basi piga kigingi katikati, funga kamba ya mita 3 na nusu, uzunguke ukichora chini. Huo ndio mstari wa katikati ya unene wa ukuta. Kwa nusu duara, zidisha urefu wa kamba kwa 22, ugawe kwa 7. Utapata mita 11. Mara kimo, 2, ni mita za mraba 22. Toa madirisha mawili ya mita 1 kwa 1, zimebaki 20.

Matofali je? Usiulize jirani, maana kalibu yake si yako. Panga yako chini, mita 1 kwa mita 1, jinsi yatakavyokaa ukutani, ukiacha nafasi ya udongo. Ukihesabu 50, basi 20 mara 50 ni 1,000. Mwenye haraka, akiisha toa madirisha, ana mita 12, yaani matofali 600. Amepungukiwa 400! Tanuri la pili lataka kuni nyingine, na mvua haimngoji mtu. Nawe ongeza machache ya kuvunjika.

Kwa lipu, pima kila upande peke yake. Unene ukiwa sentimita 20, kamba ya nje ni mita 3 na sentimita 60, ya ndani mita 3 na sentimita 40.

Zoezi: ukuta wa robo duara, kamba mita 7, kimo mita 3. Jibu ni mita za mraba 33; lakini lifunikeni kwanza, mlitafute wenyewe. Kwaherini.