Mji Ukikua, Nani Hulipa?

Mama aishiye pembezoni mwa Dar es Salaam, asiye na bomba nyumbani, hununua maji kwa ndoo. Bei ya ndoo hizo, ikihesabiwa kwa lita, aghalabu huizidi ile anayotozwa mwenye bomba mjini. Kwa nini basi mwenye kipato kidogo ndiye alipe zaidi?

Wengi watajibu upesi: watu wamezidi. Ni kweli kwamba sensa ya mwaka 1978 iliukuta mkoa huu na watu 843,090, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani zaidi ya mara sita. Hata hivyo, wingi peke yake hauelezi yote. Bomba lipitalo penye nyumba mia, gharama yake hugawanywa kwa mia. Lipitalo penye nyumba kumi, mzigo uleule huwaelemea kumi. Watu waliokaribiana husaidiana kulipa, hata bila ya kujuana.

Gharama hupanda pale mji unapotawanyika. Dar es Salaam imetambaa kandokando ya barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na maji ya mto Ruvu hayana budi kusukumwa mbali zaidi kila mwaka. Tena nyumba hutangulia, njia hufuata. Halmashauri ikitaka kupitisha barabara, hulazimika kwanza kulipa fidia ya kuta zitakazobomolewa. Fedha hiyo ingeweza kujenga madarasa. Gari la taka nalo haliingii, na gari la wagonjwa husimama mbali, mgonjwa akabebwa mikononi.

Tusimlaumu mgeni wa jana, kwani wengi wetu tulikuja kwa barabara ileile. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mjini ni kulipa kodi ya jengo, kuhudhuria mkutano wa mtaa, na kuacha njia kabla ya kuchimba msingi. Ni pia baba na mama kuketi pamoja na kupanga uzazi, ili kila mtoto apate dawati lake.

Wewe unayepima kiwanja wiki hii, rudisha ukuta wako nyuma hatua chache. Huenda siku moja ni mwanao atakayesubiri gari hilo la wagonjwa.