Duka lako liko karibu na kituo cha kura? Soma hii

Wafanyabiashara wenzangu wa Ngara na Biharamulo, wengi tuna fremu jirani na shule, na siku ya uchaguzi shule ndo vituo. Sheria inakataza kuonyesha alama ya kumuunga mkono mgombea ndani ya mita 200 kutoka jengo la kupigia kura. Fulana, kofia, kalenda ya mgombea ukutani: mimi natoa vyote usiku wa kuamkia. Mita 200 ni kama hatua 260, pima kwa miguu.

Na kijiwe cha siasa barazani? Oktoba 2015 Mahakama Kuu ilikataa watu kukusanyika hata nje ya mita hizo eti wanalinda kura. Mteja anunue, aende zake. Uchaguzi ni siku moja, wateja wa vyama vyote ni wa mwaka mzima.