Picha na Maandishi: John Tenniel na Karamu ya Chai katika Kitabu cha Lewis Carroll

Ni rahisi kuzichukua picha za kitabu cha Lewis Carroll, Alice's Adventures in Wonderland, kuwa ni pambo tu. Mtazamo huo hautoshi. Katika kitabu hicho, kilichotolewa na Macmillan mjini London mwaka 1865, picha hutenda kazi ambayo maandishi hayakuitenda.

Aliyezichora, John Tenniel (1820–1914), hakujulikana kwa vitabu vya watoto. Sifa yake ilitokana na katuni za siasa katika gazeti la Punch, alilojiunga nalo mwaka 1850. Nazo alizichora kwa jicho moja, kwani la pili liliumia ujanani katika mchezo wa vitara.

Picha zote 42 zilichongwa katika mti. Tenniel alichora kinyumenyume, kushoto kukiwa kulia, juu ya kipande kilicholainishwa cha mti mgumu wa boksi. Kisha ndugu wa Dalziel, wachongaji mashuhuri, waliondoa kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe, wakaiacha mistari imesimama, kama fundi wa milango ya Lamu anavyochimba pembezoni mwa ua ili ua lijitokeze. Kwa kuwa mistari iliinuka sawa na herufi za chapa, picha na maneno yaliweza kupigwa chapa pamoja katika ukurasa mmoja. Ndiyo maana picha hubeba alama mbili: herufi J na T zilizosukwa pamoja, na jina la Dalziel.

Tenniel hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Nakala 2,000 za kwanza zilipotoka, alilalamika kwamba picha zimechapwa vibaya, na Carroll akakubali kuziondoa na kuchapisha upya kwa gharama yake.

Itazamwe karamu ya chai. Kofia ya yule Mtengeneza Kofia imebandikwa kijikaratasi cha bei: shilingi kumi na peni sita. Sura hiyo haina neno lolote juu ya kijikaratasi hicho. Hata hivyo, kwa kukitazama msomaji hung'amua kwamba mtu huyu amevaa bidhaa yake. Na baadaye, anapoiambia mahakama kwamba kofia zake ni za kuuza na hana hata moja iliyo yake, jawabu hilo limekwisha kutayarishwa na mchoraji. Umbo la Alice nalo, pamoja na nywele zake ndefu, ni la Tenniel zaidi kuliko la Carroll, ambaye hakumweleza sana.

Kuna mahali ambapo Carroll mwenyewe anakiri utegemezi huo. Anapomleta mnyama wa kubuniwa mwenye kichwa na mabawa ya tai na kiwiliwili cha simba, hamwelezi; anamwambia tu asiyemjua aitazame picha.

Jambo hili lawahusu wanafunzi wa tafsiri ya Kiswahili. Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St Lo Conan-Davies, ilitolewa na Sheldon Press mwaka 1940, na katika picha zake Elisi ni mtoto wa Kiafrika. Yaani palipofasiriwa maneno, picha nazo zilifasiriwa. Mfasiri atakayetoa kitabu hiki bila picha itambidi ama aifute ile sentensi ya Carroll, ama amweleze mnyama yule kwa maneno ambayo Carroll hakuyaandika.