Je, Wajua? Maji ya Presha Huumiza Injini Kongwe
Gari la Datsun 240Z lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 katika njia ngumu za Afrika Mashariki. Kwa nini basi leo lihofie mashine ya kuosha kwa presha? Kwa sababu mipira yake ya kuzuia maji imekauka na kupasuka, na maji yanayosukumwa kwa nguvu hupenya pasipofikiwa na matone ya barabarani: ndani ya distribyuta, kabureta na oltaneta. Wapo wanaosema grisi ya miaka mingi haitoki bila presha. Hutoka. Injini ikishapoa, chomoa waya hasi wa betri, funika sehemu hizo kwa plastiki, paka dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu. Ila kwanza tazama mafuta yamevujia wapi. Uchafu huo ni ushahidi ambao fundi atauhitaji.