Je, Wajua? Barabara Inayotenganisha Baisani

Ukitoka Edmonton, Kanada, kuelekea mashariki kwa barabara ya Yellowhead, unapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Elk Island. Kaskazini mwa barabara wanaishi baisani wa mbugani. Kusini, baisani wa misituni, wenye miili mikubwa zaidi. Wametengwa makusudi ili wasichanganye damu. Mwaka 1907, baisani wakiwa karibu kutoweka, Kanada ilileta hapa kundi la mfugaji wa Montana, Marekani, Michel Pablo. Jambo la kufurahisha mno: mwaka 2016 ndama wa ukoo huo walirudishwa Montana, kwa Wablackfeet, wenyeji wa asili wa huko.

 

Ukishuka garini hifadhini, kaa umbali wa angalau mita 100 kutoka kwa baisani.