Fahamu: Hati ya nyumba unayoinunua inasema nini?
Muuzaji akikuonyesha hati miliki, usilipe bado. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati hukupa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Tazama ilianza mwaka gani na imebakiza mingapi.

Kisha fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Huko ndiko hujulikana kama jina ni la huyo muuzaji kweli, kama nyumba imewekwa rehani benki, kama kuna zuio la mahakama. Picha ya hati kwenye simu ya dalali haikwambii lolote kati ya hayo.

Suala la mwenzi wa ndoa ndilo linaloumiza, na nalisisitiza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mke au mume, hata kama hati ina jina moja tu. Omba asaini mwenyewe mbele ya wakili. Usikubali barua iliyoletwa na shemeji. Waulize na majirani kuhusu mipaka, kwani wanaijua migogoro ambayo daftari la msajili halina.